Prinsi, Filimbi na Makubadhi ya Mzee Awadhi

Jumatatu, 3 Februari 1975

Nimepanda cheo! Bado, lakini ni kama nimepanda.

Meneja wetu, Ndugu Aristides, anakwenda semina Iringa kwa siku kumi na tatu, na mkewe anafuatana naye. Wana mtoto wa mbwa. Walipewa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake akaondoka. Mtoto huyo anakojoa kwenye zulia. Zulia limetoka ng'ambo. Mama Meneja amesema mbwa na zulia hawakai nyumba moja, na zulia lilitangulia.

Basi leo Meneja akauliza ofisi nzima, nani anajua mambo ya mbwa? Isidori akafungua mdomo. Nikawahi! Nikasema mimi nimekulia na mbwa. Kwetu Kibosho tulikuwa nao sita, na wote walikuwa wakitoka nje kujisaidia kwa zamu. Hiyo zamu sijui ilitoka wapi. Kwetu tulikuwa na mbwa mmoja tu. Alimng'ata baba, akahamia kwa jirani.

Meneja akanishika bega. Akasema nikimrudisha ana adabu zake, hatanisahau. Nafasi ya Afisa Ugavi iko wazi tangu Novemba. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Isidori. Isidori ni mtu wa Mbinga. Hachelewi, hasengenyi, mwandiko wake kama wa mtawa. Mtu hatari sana.

Dereva kaleta kikapu jioni. Ndani kuna kitu cha rangi ya chai ya maziwa, masikio marefu, tumbo kama boga. Jina lake Prinsi. Candida, mke wangu, alikuwa koridoni na cherehani yake. Akachungulia kikapu. Akauliza swali moja tu: Mzee Awadhi anajua?

Mzee Awadhi ndiye mwenye nyumba. Chumba chake kinatazamana na chetu. Mtu wa swala tano. Nikasema nitamwambia.

Kabla sijamaliza kusema, Prinsi kakojolea gauni la mteja.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza: magazeti. Nimesikia Wazungu hutandika magazeti, mbwa akazoea kujisaidia hapo, kisha gazeti likasogezwa kidogo kidogo hadi nje. Rahisi! Nimekusanya magazeti ya wiki mbili. Nimetandika kuanzia kitandani mpaka mlangoni.

Prinsi aliyatazama. Akala ukurasa wa michezo. Akaenda pembeni, kwenye kipande pekee cha sakafu kisichokuwa na gazeti. Akakojoa.

Nikasogeza gazeti pale. Akahama. Nikasogeza tena. Akahama tena. Tumezunguka chumba mara nne. Candida alikuwa ananitazama, sindano mdomoni.

Jioni hatimaye kajisaidia juu ya karatasi! Haja kubwa na ndogo, zote pamoja, katikati kabisa. Nilishangilia. Kisha nikatazama karatasi yenyewe.

Haikuwa gazeti. Ni Taarifa ya Ugavi ya Robo Mwaka. Niliileta nyumbani kuinakili. Kurasa kumi na moja.

Jumatano, 5 Februari

Taarifa imelala kwenye kamba ya nguo uwani. Imekauka. Inasomeka kidogo. Inanuka sana.

Nimeiweka kwenye faili, faili nikaipaka poda ya Candida. Sasa inanuka mkojo wa mtu anayekwenda harusini. Kikaoni Isidori alikaa karibu nami. Aliinuka taratibu, akafungua dirisha, akarudi kukaa. Mnafiki! Angesema tu.

Unga wa yanga tunaokula siku hizi, ule wa mahindi ya njano, haupatani na Prinsi. Tumbo linamwendesha. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwisha.

Mzee Awadhi ana makubadhi ya Ijumaa. Ya ngozi, yameshonwa Lamu, aliachiwa na marehemu kaka yake. Kila Ijumaa huyatoa, huyafuta, huyaweka mlangoni, kisha huenda uwani kutawadha. Leo alipotoka uwani amesafika, kanzu nyeupe, kofia kichwani, akatia mguu kwenye kubadhi la kulia.

Lilikuwa limejaa.

Mimi nilikuwa kazini. Candida ndiye aliyekuwepo. Anasema mzee hakupiga kelele. Alisimama na mguu mmoja hewani, akavuta pumzi, akauliza kwa upole sana ndani ya nyumba hii amezaliwa mtoto gani mchanga ambaye yeye hakuarifiwa.

Jioni kaniita. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, akasema, "Kasmir mwanangu. Miaka tisa uko hapa. Umeugua hapa, umezaa hapa, Klara amejifunza kutembea kwenye korido hii. Sijawahi kukugombeza."

Nikasema kweli mzee.

"Nguo nimeiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Swala ya Ijumaa imenipita. Tangu niache kazi ya reli haijawahi kunipita." Akatazama mikono yake. "Ijumaa ijayo nataka nyumba yangu iwe safi. Akibaki yule mnyama na tabia hii, tafuteni chumba kwingine."

Candida hakulia. Alikwenda uwani, akayachukua yale makubadhi, akayaosha mwenyewe tena na tena mpaka giza likaingia. Kisha akaenda kugonga kwa Mzee Awadhi. Walizungumza kitambo. Aliporudi nikamuuliza walisema nini. Akajibu kwamba mzee alitaka kujua mbwa anakula saa ngapi.

Anakula saa ngapi! Nyumba inaungua, wao wanazungumzia ratiba ya jikoni.

Jumapili, 9 Februari

Mpango wa pili: mchanga. Paka hujisaidia mchangani, mbwa ana tofauti gani? Na soko jipya linajengwa hapa hapa, hatua mia mbili toka mlangoni. Milima ya mchanga! Nani atahesabu ndoo moja?

Mlinzi alihesabu.

Alinikamata nikiwa nimeinama, ndoo kati ya magoti. Akatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba amemkamata mwizi wa mali ya umma. Watu waliotoka kanisani, wauza miwa, wachukuzi, wote wakaja. Nikasema si mwizi, ni mfanyakazi wa Shirika. Hilo likazidisha. Akauliza mchanga wa Taifa unakwenda kujenga nini. Nikaona hakuna njia, nikasema kweli.

"Ni choo cha mbwa."

Kariakoo nzima ikacheka. Mama mmoja alilazimika kuketi chini. Mlinzi alicheka hadi akaniachia kola. Akaniamuru nirudishe mchanga kwa mikono, kiganja kwa kiganja, watu wakihesabu. Kwenye kiganja cha arobaini na tatu nilimwona Isidori ng'ambo ya barabara, ametoka misa, ameshika kitabu cha nyimbo. Alivua kofia kunisalimu.

Jumatatu, 10 Februari

Ofisini kila mtu ananiuliza kuhusu ujenzi. Najua nani kasema. Karani wa masijala anasema habari ameipata kwa mlinzi, ambaye ni shemeji yake. Sidanganyiki. Ni Isidori.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wa tatu, na huu hauna dosari. Filimbi!

Nimenunua filimbi ya bati, ya Kichina. Nimeandika Ratiba kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba, saa kumi na nusu, saa moja na nusu. Filimbi inalia, Prinsi anatoka. Sayansi.

Saa kumi na mbili na nusu nikafungua dirisha la barabarani ili sauti isambae, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Nje walikuwa wamekaa wauza vitumbua, chai na mihogo ya kukaanga. Wakadhani ni askari wa Jiji. Kufumba na kufumbua barabara tupu! Beseni zinabingirika, chai mtaroni. Hyasinta wa vitumbua, ambaye tunanunua kwake miaka yote, alikimbia mpaka Mtaa wa Msimbazi na mwiko mkononi. Aliporudi na kuniona dirishani na filimbi mdomoni, hakutukana. Alinitazama tu kama mtu anayetazama mgonjwa.

Prinsi alikuwa chini ya kitanda. Hakutoka. Alijisaidia huko huko.

Candida amekwenda nje kuokota vitumbua pamoja na Hyasinta. Alikaa naye mpaka jua likapanda. Nimekunywa chai peke yangu, kavu, bila kitumbua.

Alhamisi, 13 Februari

Sitaki kuandika haraka, nisije nikaharibu. Lakini tangu jana asubuhi chumba kikavu.

Kikavu! Nimepapasa sakafu yote kwa kiganja. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, chini ya cherehani. Kavu kama biskuti. Leo pia. Nilirudi kazini mbio, nikapiga magoti koridoni na kunusa. Candida akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia, Mama Klara, filimbi imefanya kazi!

Akasema filimbi niliipuliza mara moja tu.

Ndiyo maana ya sayansi, nikamwambia. Mara moja inatosha.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya hukumu. Mzee Awadhi kaja mlangoni, amevaa makubadhi. Makavu. Akasema mbwa abaki mpaka aende kwao Jumapili, hana neno. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Nikataka kumweleza kuhusu filimbi. Akasema anawahi msikitini.

Usiku, mezani, Candida kanieleza kisa kirefu cha ajabu. Anasema tangu Jumamosi iliyopita, kila adhana inapolia, Mzee Awadhi akitoka kwenda kutawadha hupitia mlangoni kwetu, hugonga sakafu kwa fimbo, hufungua komeo la uwani na kumwacha Prinsi atangulie. Prinsi huenda kwenye kona ya mpapai, humaliza shida zake, hurudi ndani. Hapo ndipo mzee hushika birika lake. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Mara tano kwa siku, bila kukosa. Siku za kwanza alimsukuma kwa fimbo. Sasa adhana ikianza tu mbwa mwenyewe anakimbilia mlangoni na kungoja.

Anasema mzee alimwambia, "Nimeendesha treni miaka ishirini na sita. Treni haina akili. Ina saa."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema aliniambia Jumatatu, mimi nilikuwa nachora Ratiba, na Jumatano, mimi nilikuwa napapasa sakafu.

Candida ni mwanamke mwema. Lakini hakusoma. Mzee anakwenda uwani kwa ajili ya swala yake, mbwa anamfuata kwa sababu tayari amekwisha fundishwa. Fundisho ni filimbi. Nimeacha kubishana. Mtu mkubwa hushinda kwa kunyamaza.

Jumapili, 16 Februari

Ee Mungu wangu.

Niandike yote. Nisiache kitu.

Nimefika Oysterbay saa tisa alasiri, suti ya harusi, kikapu mkononi, filimbi mfukoni. Nyumba ya Meneja ina upepo wa bahari na redio kubwa inayopiga muziki wa taratibu. Hakuna kelele nyingine yoyote. Zulia ni jekundu, lina maua, limejaa sebule nzima. Alikuwepo pia mgeni, mkubwa mmoja kutoka Wizarani, viatu vyake vinang'aa kama vioo. Meneja akanitambulisha kuwa ni mtaalamu wake wa mbwa. Mtaalamu! Mbele ya Wizara!

Prinsi alitoka kikapuni kama mtoto wa sekondari. Hakurukia mtu. Hakutafuna kitu. Mama Meneja akapiga makofi.

Saa kumi kasoro robo Prinsi akainuka. Akaenda mlangoni. Akakaa mbele yake, mgongo wima, akatazama komeo. Hakuna aliyefungua. Akanigeukia mimi. Akalia kidogo, sauti nyembamba. Akaenda mlango wa jikoni, akakaa, akangoja. Akarudi ule wa kwanza.

Mama Meneja akauliza anataka nini maskini.

Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Saa yake ni saa kumi na nusu. Mbwa aliyefunzwa hatoki mpaka filimbi ilie.

Alingoja. Namwandikia haki yake, alingoja dakika arobaini na tano. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa akinitazama machoni, na mimi nilikuwa namweleza mgeni wa Wizarani kuhusu mbwa sita wa Kibosho. Saa kumi na nusu kamili nikasimama, nikatoa filimbi, nikaomba kimya, nikapuliza.

Prinsi akaruka. Akaingia chini ya kiti cha mgeni. Kila kitu alichokuwa amekizuia kikatoka. Kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia, soksi, zulia, maua ya zulia.

Redio ilikuwa bado inapiga.

Nimerudi Kariakoo kwa miguu. Kwenye daraja la Selander nilikaa ukingoni, nikatazama matope chini. Kaa walikuwa wanaingia na kutoka mashimoni mwao, kila mmoja anajua pa kwenda.

Candida kanipikia uji. Nikamsimulia yote. Kisha akasema polepole, "Baba Klara, alikuwa anakuambia. Muda wote ule alikuwa anakuambia."

Nikamjibu mbwa hasemi.

Jumatatu, 17 Februari

Meneja kaniita. Alikuwa mtulivu, jambo baya zaidi. Akasema, "Ndugu Kasmir, Taifa linahitaji chakula."

Kuanzia Machi mosi nitasimamia shamba la mihogo la Shirika, huko mbele ya Kibaha. Miezi sita. Chumba cha udongo, jembe, tochi. Afisa Ugavi ni Isidori.

Mchana Isidori kaja mezani kwangu na kifurushi. Ndani ni buti za mpira. Akasema baba yake alikuwa mkulima, na alimfundisha kuwa shambani miguu ndiyo huanza kuugua, niende nazo. Akasema pia kwamba Taarifa ya Robo Mwaka aliinakili upya yeye mwenyewe, wiki ile ile, na kuiwasilisha kwa jina langu.

Dharau iliyoje! Buti zinanitosha barabara. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni adhana ya magharibi ililia. Mzee Awadhi akatoka chumbani, akagonga sakafu kwa fimbo mara moja, mbele ya mlango wetu. Akakumbuka. Alisimama pale kidogo, birika mkononi. Kisha akaenda uwani peke yake. Candida aliinamia cherehani ili mzee asijue kwamba amemwona.

Alhamisi, 20 Februari

Dereva wa Meneja kasimamisha gari mtaani, kashusha kikapu mlangoni kama mtu anayeshusha maiti, kaondoka. Kuna barua. Mistari miwili. Mama Meneja anasema mbwa anashinda mlangoni analia, na usiku anajisaidia popote, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemharibu, ni wangu.

Candida alimtoa Prinsi, akamkumbatia, nywele zote za mbwa kwenye kitenge chake kipya. Nikamwambia hatuwezi, Mzee Awadhi atatufukuza, mimi naondoka wiki ijayo, nani atamtunza.

Wakati huo adhana ikaanza. Prinsi akachomoka mikononi mwake. Akakimbia korido nzima, kucha zinateleza sakafuni, akaenda akakaa mbele ya mlango wa uwani. Wima. Mzee Awadhi akafungua chumba chake. Akamwona.

"Umerudi?" akasema. Kwa sauti ile anayotumia kwa wajukuu zake wa Tanga.

Akafungua komeo. Prinsi akatangulia. Mzee akangoja kando ya mpapai, amempa mgongo kwa heshima, mpaka akamaliza. Aliporudi ndani alisema tu, bila kunitazama, kwamba mimi nikienda shamba, Candida abaki na chumba chake, na yule kiumbe alale koridoni upande wa kwetu, mbali na birika. Candida akaingia chumbani haraka. Nadhani alilia. Au alicheka. Kwa nyuma vinafanana.

Mimi nilibaki nimesimama pale, mkono mfukoni, na vidole vyangu vikagusa kitu. Filimbi! Ilikuwa mfukoni wakati wote. Sikuipuliza, na mbwa katoka.

Kumbe inafanya kazi hata ikiwa mfukoni.

Jumapili, 23 Februari

Moyo umetulia. Nimezungumza na Padri baada ya misa.

Padri ana shida. Parokia imerithi kasuku kwa nahodha mmoja aliyefia hospitali, mtu aliyesafiri sana. Kasuku anatukana kwa lugha tatu. Masista hawapiti tena ukumbini. Na Pasaka anakuja Askofu. Padri aliuliza waliosimama pale kama kuna yeyote mwenye ujuzi wa ndege. Isidori alikuwepo. Niliona kabisa anafikiri.

Nikawahi. Nikamwambia Padri asihangaike, mimi nimekulia na kasuku. Kibosho hakuna kasuku. Kuna baridi tu. Lakini Padri na Meneja hukaa meza moja kwenye kamati ya ujenzi wa ukumbi, na neno moja la Padri linaweza kumtoa mtu kwenye mihogo.

Nina siku sita kabla ya kwenda shamba. Zinatosha. Kasuku ana akili kuliko mbwa, huo ni ukweli unaojulikana.

Tundu linaletwa kesho asubuhi. Nimemwomba Candida kitambaa kikubwa cheusi. Anadhani ni cha kufunikia redio. Mzee Awadhi nitamwambia.